Imvura Si Jina la Mtu

Mtwara, kwa binti yangu

Sudi mdogo wangu, una ulimi mrefu na haya huna. Salamu utazipata, maana mama alitufundisha kusalimiana hata tukigombana: hujambo, mkeo hajambo, kifua chako kimetulia? Mimi nasumbuliwa na magoti tu, na dagaa wa huku, ambao huitwa dagaa kwa kuwa wenyeji hawajafika Kigoma. Simu yangu hupokei tangu Jumapili, ndiyo maana naandika.

Sasa kaa chini. Mjukuu wangu Asha alinisikilizisha kwenye simu yake mahojiano yako ya redio. Nilifurahi, nikamwita na jirani aje amsikie mdogo wangu mpiga gitaa. Mtangazaji, lafudhi yake ya pwani, akakuuliza yule mwanamke anayelia katikati ya wimbo wenu wa roki ni nani. Ukajibu ni msichana wa Kongo, alivuka kurudi kwao akafariki. Akauliza, na huyo Imvura anayemlilia? Ukasema eti mchumba wake, alizama ziwani.

Sudi. Umeniua, halafu ukaniozesha mvua.

Wewe ulikuwepo. Niliwaletea ugali na migebuka pale Ujiji, kwenye kile chumba cha kurekodia mlichokipigilia magodoro ukutani. Mwimbaji wenu alikuwa anaimba kama anasoma tangazo la kodi. Mvua ikapiga bati. Nikakumbuka dagaa wangu niliowaanika mchangani, nikapiga ukelele wetu wa Kiha wa kuitana wanawake tuanue: imvura, imvura! Nikageuka nikimbie. Marehemu Kabwe, mwenzako wa gitaa, hakuacha kupiga. Alinitolea macho, akaifuata sauti yangu, akanionyesha kwa kichwa niendelee. Miguu ilitaka mlango, koo likakataa. Nikawalilia dagaa, nikaililia na ndoa yangu ya miezi mitatu, na mambo niliyokuwa sijamwambia mtu. Mlipoomba nirudie ikatoka kelele ya sokoni, basi mkabaki na ile ya kwanza, mvua yake imo humo humo. Dagaa walioza wote. Mama mkwe alinisema mwezi mzima. Bila ukelele ule nani angewajua nyinyi?

Najua utasema mimi ndiye niliyekuomba. Kweli. Nilikwambia, "Sudi, nifiche, Baba akisikia nimeimba na wahuni atanilaani." Ukanificha, Mungu akulipe. Lakini Baba tumemzika, mume wangu tumemzika. Sasa unamficha nani? Wanangu wameucheza wimbo ule kwenye harusi zao, hawajui kuwa anayelia mle ni mama yao. Jirani alipoondoka nikamwambia Asha, "Yule ni mimi." Akacheka. Akadhani uzee.

Sasa nasikia vijana wa studio moja hapo Kigoma, mtaa wa Mwanga, wanautengeneza upya, na majina ya wote waliopiga na kuimba yataandikwa. Wakiandika uongo wako, nimekwisha.

Msalimie mkeo, vitenge nimevipata. Msalimie shangazi yetu kitandani kwake, na wifi yangu muuza mawese wa Mwandiga.

Ukimaliza kusoma usiikunje barua hii. Vaa viatu, uipeleke studio leo hii, uwaombe radhi, na usimame hapo hapo mpaka uwaone wameandika, herufi kwa herufi:

Sauti ya mwanamke, Mwajuma binti Salumu, wa Kasingirima. Yu hai.