Viti vya Maktaba Vimekwenda Msibani

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai imekaza kamba.

Mlima Meru sijauona tangu Jumanne. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani, nimevaa sweta mbili na miguu bado ni barafu. Vidole vyangu vyote vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Nimevisugua kwa mafuta, nimevisugua kwa limao, vimegoma. Kioo cha simu kina madoa kila ninapogusa.

Nimechoka hoi, lakini nikilala bila kuandika haya nitapasuka.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: ninasimamia maktaba ndogo ya mtaa, chumba kimoja na veranda, ukitokea Kwa Mrombo unaingia njia ya vumbi. Zamani kilikuwa stoo ya mbegu, na siku za mvua bado kinanukia mahindi. Chumba si chetu, ni cha mtaa. Majuzi kuna kikundi kimekiomba kiwe duka la pembejeo, na mtendaji wa mtaa akanieleza bila kuzunguka kwamba kila akipita anakiona kitupu. Sikumlaumu. Yeye hupita asubuhi, watoto wako shule. Nikamwomba aje leo, Jumamosi, saa nne, aone Siku ya Kusoma kwa Sauti, watoto na wazazi wao. Akakubali. Baada ya hapo viongozi wa mtaa wangeamua.

Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa na jambo moja tu kichwani: chumba kijae.

Niliosha viti vyote. Ni viti vya plastiki vya bluu, na mwaka jana nilivipaka mwenyewe maandishi mekundu mgongoni, MAKTABA, kwa sababu vilikuwa vinapotea kimoja kimoja. Mwandiko wangu wa brashi ni aibu tupu. Kila A ya mwisho imebanwa pembeni inataka kudondoka.

Alhamisi Koko akafariki.

Huku koko ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa wote, hata sisi Wachaga wa kuhamia. Ni mama yake Fundi Loishiye, yule wa pikipiki aliye upande wa pili wa uzio wetu. Asubuhi za jua Koko alikuwa anagonga dirisha langu kwa fimbo, nampelekea kiti verandani, anakaa anaota jua mpaka ajisikie kuondoka. Ndani hakuwahi kuingia. Alikuwa anasema vitabu vinampa usingizi, halafu analala hapohapo nje bila kitabu chochote.

Nililia nilipopata habari. Nililia kweli. Lakini ngoja niseme ukweli maana hapa ndipo mahali pake: kabla machozi hayajakauka nilishaanza kuwaza viti.

Na kweli, jana mchana Mama Naserian akasimama mlangoni. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapohapo akaniambia wanahitaji viti. Vyote. Mazishi ni kesho, na viti vya kanisa viko kwenye sendofu ya bibi harusi huko Sakina. Hakuwa anaomba. Mtaa huu ukipata msiba, kila chenye miguu minne kinakwenda msibani, hiyo haina mjadala.

Damu ilinichemka. Nikamwambia, "Mama, kesho nina shughuli."

Akanitazama vizuri. "Koko naye kesho ana shughuli, Madam."

Jamani. Nilitamani sakafu inimeze.

Akili ikaanza kukimbia. Nikikataa, wazazi wote watakuwa msibani, na mtendaji atakuta viti vimejipanga vizuri bila hata mtu mmoja. Nikitoa, watoto watakaa kwenye saruji Julai hii, wapate vichomi. Huku nimekwama, kule nimekwama. Halafu nikaikumbuka ile fimbo dirishani.

Nikasema chukueni. Nilisema kwa sauti mbaya, ya kununa, na Mama Naserian aliisikia, akageuka kuita watu. Vijana wa bodaboda wakaja na guta la magurudumu matatu, wakavipakia, vikaenda. Chumba kikabaki kama mdomo uliong'olewa meno. Nikakaa chini, nikalia tena, na safari hii hayakuwa machozi ya Koko. Yalikuwa yangu mwenyewe, ya kujionea huruma.

Halafu nikakasirika.

Sijui wengine wanafanyaje, ila mimi hasira ndiyo hunipa akili. Nikajiuliza, kwani watoto wenyewe kesho watakuwa wapi? Msibani! Wanapita katikati ya mafiga, wanagonga sufuria za pilau, mama zao wanawafokea na visu mkononi. Kila msiba ni hivyohivyo. Nikafunga maktaba, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ya Fundi ambako akina mama walikuwa wanachambua mchele, nikawaambia bila salamu ndefu: kesho leteni watoto wote kwangu, kuanzia asubuhi mpaka mazishi yaishe. Kila mmoja aje na kitu cha kukalia. Chochote.

Mama Naserian akacheka mpaka mtandio ukadondoka. "Mchaga huyu! Tumemnyang'anya viti, sasa anataka na watoto!"

Wote wakaangua kicheko, pamoja na mabinti wa marehemu, na kicheko hicho nadhani walikihitaji. Nikavuta ndoo nikaketi juu yake, nikapewa kisu na mkungu wa ndizi. Sikuondoka mpaka zilipokwisha. Ndiyo sababu ya vidole hivi.

Leo asubuhi walikuja. Weee! Walikuja na mablanketi, mikeka ya plastiki, magunia, foronya, mmoja na zulia la mlangoni kwao. Niliwapanga wadogo katikati na wakubwa kuzunguka ukuta. Mjukuu wa Koko, Nasinyari, alikuja na shuka jekundu la bibi yake, akalitandika chini ya dirisha, akakaa peke yake na hakutaka mtu aliguse. Sikumlazimisha kusoma.

Tatizo likawa sauti. Msiba uko upande wa pili wa uzio, unasikia hata mtu akikohoa. Siku ya Kusoma kwa Sauti bila sauti ni kituko gani? Ikabidi tubuni. Mchungaji akihubiri, sisi tunasoma kimoyomoyo, midomo inacheza tu. Kwaya ikianza kuimba, tunafungulia sauti. Mara ya tatu watoto walishazoea, wanategea masikio kwaya, na ikianza tu chumba kinalipuka, kila kundi na hadithi yake. Sikuwahi kuwaona wanasoma kwa hamu vile. Katikati ya wimbo mmoja nikageuka nikaona Nasinyari amewaita wadogo wawili juu ya shuka, kitabu kiko mapajani, anawasomea.

Nikatoka nje kidogo. Ilibidi.

Saa nne ilipita, saa tano ikapita, mtendaji sijamwona. Moyo ukaanza kuniambia mambo mabaya. Ndipo nikiwa verandani nikachungulia upande wa pili. Waombolezaji wote walikuwa wametugeuzia migongo, na mgongoni mwa kila kiti, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko wangu mbovu: MAKTABA, MAKTABA, MAKTABA. Katikati ya mstari wa mbele, ndani ya koti lake jeusi, mtendaji wetu. Niliziba mdomo kwa kanga. Kucheka msibani ni mkosi, najua, lakini Koko mwenyewe angecheka.

Baada ya mazishi akaja. Akafika mlangoni akakosa pa kukanyaga, akavua viatu, akachuchumaa pembeni ya watoto wa chekechea na suruali yake ya pasi. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akaniuliza, uso mkavu, viti vya maktaba viko wapi.

Nikamwambia, "Umetoka kuvikalia sasa hivi, Mtendaji."

Akatabasamu kidogo. Nikampa mkono, nikakumbuka vidole vyangu, nikataka kuurudisha, akawa ameshaushika. Kisha akanivuta nje akanieleza kiungwana kwamba alichokiona kimemgusa, ila yeye si mwamuzi peke yake. Jumatano kuna kikao. Wale wa pembejeo wanakuja kundi zima, na mimi kila siku ananiona peke yangu na funguo zangu. Nije nijieleze, na nije na watu.

Na watu. Nilibaki na maneno hayo wakati nakunja mikeka. Nitawatoa wapi watu siku ya kazi? Nimwombe nani aache genge lake la mboga au ng'ombe wake kwa ajili ya stoo ya zamani yenye vitabu?

Jioni viti vikarudi, vimefutwa, vinang'aa kuliko nilivyovitoa. Cha mwisho alikileta Fundi Loishiye mwenyewe. Mguu wa kiti ulikuwa umepasuka, ameuzungushia mpira wa tairi, umekaza kweli. Nikamwambia jamani Fundi, leo umemzika mama, kiti kingesubiri. Akasema alitaka mikono iwe na kazi. Akakiweka verandani, pale Koko alipokuwa anakaa, akakijaribu kwa kiganja, akaondoka.

Nilipoanza kuviingiza ndani Mama Naserian akanizuia. Habari za kikao alishazipata, sijui kwa nani, mtaa huu hauna siri. Nikaanza kumweleza kwamba sitaki kusumbua watu, kila mtu ana shughuli zake.

"Viache hapohapo nje," akasema. "Ofisini kwa mtendaji kuna benchi moja. Jumatano tunakuja wote kuvibeba, na kukaa tutakaa."

Akajifunga kanga vizuri, akaenda zake kuosha masufuria.

Nimevipanga verandani, migongo ikitazama barabara, nimevipitishia mnyororo na kufuli maana nao mtaa wetu naujua. Sijui kikao kitaamua nini. Nitakachosema bado sijakipanga, na kesho baada ya ibada nitakaa nikipange. Utomvu huu mpaka Jumatano hautakuwa umetoka, na sitausugua tena.