Kiangazi Kipi, Mutalemwa?

Kambi ya miwa, Uganda

Mdogo wangu Mutalemwa,

Hamjambo hapo Kibeta? Mguu wa mama umepona? Mimi mwili mzima, ila tangu jana chakula hakipiti kooni, na sababu ni barua yako.

Juma, Mnyamwezi anayenisomea na kuniandikia, alipofika pale uliposema, “Kaka, kiangazi kimeingia, baada ya Jumapili nawapeleka ng’ombe bondeni Muleba kama ulivyoagiza,” nilimwambia arudie.

Katika ile barua yangu mimi nilisema ekyanda, ule ukame mrefu. Juma hajui Kihaya, akaandika kiangazi. Na sasa huko ni akanda tu, jua la muda mfupi kati ya mvua na mvua! Nilipomgombeza akanijibu, “Jua likiwaka ni kiangazi, bwana. Ninyi Wahaya mna viangazi vingapi?” Wenzetu wakacheka. Mimi sikuweza.

Unaujua mpango wa marehemu baba. Wakati wa mvua, ng’ombe wanakula nyasi za rweya, yale malisho ya wazi hapo karibu na nyumbani. Wakati wa akanda wanapanda mlimani nyuma ya kanisa. Bonde la Muleba linangoja ekyanda, vichaka vikishaungua na mbung’o wamehama. Leo vichaka vibichi, mbung’o wamejaa tele. Ng’ombe watarudi wamekonda, manyoya yamesimama, halafu watakufa mmoja mmoja. Umesahau zizi la jirani yetu lilivyobaki tupu, na migomba yake ilivyodhoofu kwa kukosa samadi? Mama atakula nini? Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kweli.

Barua hii ikikukuta nyumbani, wapandishe mlimani. Kama umeshafika bondeni, watoe vichakani siku hiyo hiyo, uwapeleke kwenye rweya ya juu, kwa mjomba. Usisubiri ruhusa yangu. Safari hii yale maneno mawili ya Kihaya nimemtamkia Juma polepole, na nimemlazimisha anisomee tena na tena.

Nisalimie mama, mke wangu Kokubanza, na shangazi anayetukamulia. Mjomba wa Muleba naye msalimie, na umwambie akiona ng’ombe wetu wanashuka bondeni awafukuze, hata kwa fimbo.

Tangu utoto kila ninalosema unanibishia, nami nakukasirikia. Naomba Mungu uwe umenibishia na mara hii.

Kaka yako mwenye hofu,
Kamugisha