Fotei zenye zilikula mushahara ya Kakule

Mama yangu mupenzi kule Beni,

Ni mimi Kavira, mutoto yako wa Butembo. Kwanza nataka kujua: magoti inakuuma bado, ao ile dawa ya majani ilisaidia? Na kuku zinataga? Huku sisi bote tuko bazima. Batoto banakohoa kidogo juu ya baridi, lakini banakula, na mutu mwenye kukula hayuko mugonjwa sana. Basoda na bunduki zao balifunga njia tena, njo maana barua hii imekawia.

Mama, ulimutuma shoferi aniulize: "Bwana yako alipata kazi nzuri, sasa mbona munaniomba maharagwe?" Sikumujibu yule shoferi, juu kinywa yake haina mulango. Nakujibu wewe. Mushahara ilikuwa inakaa mu salon, pale tunapokeaka wageni.

Unajua Kakule alianza kupima mizigo ya ndege kule Rughenda. Mwezi wa kwanza tuliongeza sukari mu chai ya asubuhi. Hapo hakuna mubaya. Kisha ikawa asubuhi na mangaribi. Kisha mukate. Kisha maziwa ya unga, na batoto bakaanza kukataa uji ya mutama, banasema inakwaruza koo. Siku moja Kakule akarudi kazini, akasimama mulangoni, akaangalia viti yetu ya mbao sawa vile mutu anaangalia adui.

"Mama Paluku," akaniambia, "mutu wa biro, wa ofisi, hawezi kukaa juu ya ubao."

"Biro gani? Si unapimaka mifuko ya chumvi inje, kwa mvua?"

"Lakini kalamu njo iko na mimi."

Akanunua fotei nyekundu za velur, viti kubwa ya kitambaa laini, kwa mufanyabiashara mwenye alikuwa anakimbilia Uganda. Hazikupita mu mulango. Tukaita fundi, akavunja mulango na kipande ya ukuta. Zikaingia, zikajaza nyumba yote. Kwenda kulala tulikuwa tunapanda juu yao. Kakule akasema fotei haziko na kosa, nyumba njo iko ndogo. Basi tukahamia nyumba kubwa karibu na barabara. Ile iko na madirisha mapana, na dirisha pana inaomba rido, kitambaa ya kulifunika. Rido, Mama, ni mimi nilichagua. Sitaki kumubebesha Kakule peke yake.

Kisha wageni bakaanza. Zamani ndugu za Kakule balikuwa banatusalimia mu kiwanja, banaenda. Sasa banakaa, na mutu mwenye kukaa juu ya velur hainuki bila chai. Sisi jikoni tulikuwa tunakula sombe ya majani ya muhogo bila mafuta. Siku moja mutoto wetu Paluku akaniuliza kama yeye pia anaweza kuwa mugeni.

Sasa sikia hatari. Komanda wa basoda alipita, akaona ile wekundu mu dirisha. Akaingia, akakaa, akapumua.

"Hapa iko pazuri," akasema.

Kesho yake akarudi na radio yake. Wiki haikuisha, salon yetu ikawa biro yake. Batu banamuletea pale mashitaka, balinzi bake banakula bugali yetu, na muzee mumoja akaingiza mbuzi yenye alikuwa anagombania na jirani yake. Mbuzi ikakula rido. Kakule mwenyewe alikuwa anapiga hodi mbele ya kuingia kwake.

Nani atasema hapana kwa mutu mwenye bunduki? Lakini Mama Katungu, jirani yetu, akanivuta nyuma ya nyumba. "Kavira," akasema, "basoda banakuja, banaenda. Siku ingine bengine bataingia hapa, batauliza ni nani alikuwa anamupikia huyu." Nikamuambia Kakule. Yeye akasema labda tununue meza ndogo, komanda akuwe anamaliza kazi haraka.

Nikaona nikimungojea huyu bwana, tutakufa na heshima yetu. Siku ya Mungu, misa ikiisha, komanda akiwa amekaa, nikapiga magoti mbele yake.

"Komanda," nikasema, "naona haya. Mukubwa sawa wewe kutembea kila siku kutafuta kiti kwa mutu wa kupima chumvi, batu banasema nini? Hizi fotei zilishakuzoea. Ubebe, ni zako."

Kakule akakohoa sawa mwenye kumeza mufupa. Komanda akaangalia fotei, akaniangalia mimi. Nikafikiri, leo njo mwisho. Kisha akacheka, akaita basoda bake. "Huyu mama iko na akili," akabaambia. Bakabeba fotei zote, na radio, na mashitaka.

Siku ile Kakule alikaa chini mu salon tupu, anaangalia alama ya miguu ya fotei. Asubuhi akasema, "Kweli, hewa inapita."

Tulirudi mu nyumba yetu ya zamani. Sasa mushahara ikifika, kwanza tunanunua chakula na mafuta, kisha masomo ya batoto, kisha kipande inafichwa pahali mimi najua. Sukari ni ya asubuhi tu. Kakule akiona kitu kizuri sokoni, namuambia angoje mwezi ipite. Mara mingi yeye mwenyewe anakisahau.

Juzi komanda alimusimamisha kule Rughenda. Kakule akafikiri anaenda kumufunga. Kumbe komanda alitaka kumuvuta pembeni.

"Ndugu," akamuambia pole pole, "muke yangu anasema fotei bila rido ni haya. Na nyumba inakuwa ndogo. Na ndugu zake bamejaa, banakunywa chai. Wewe ulifanyaka nini?"

"Mimi, Komanda, nilimuachia muke yangu."

Kakule alirudi, akaweka mushahara yote mu mukono yangu, akaomba tu pesa ya nyama. Tukapika. Batoto bakafyonza mifupa mpaka mbwa ya jirani ikachoka kungoja, ikaenda.

Mama, unisalimie shangazi Masika mwenye kutuombea kanisani, na mujomba mwenye kushona viatu. Na mudogo wangu Kahindo, umuambie yule kijana mwenye kumuposa, kama anavaa shati ya kung'aa, aende kwanza kuona mama yake anakula nini.

Mungu akulindie magoti.

Ni mimi mutoto yako mwenye kukuwaza kila siku,
Kavira, mama ya Paluku