Walinzi wa Kifuani Mwangu

Lushoto, Jumanne, Juni

Siumwi kifua kikuu. Wadudu wake ninao, niliwavuta kwa pumzi kule Mponde nilipokuwa namuuguza mama yangu, lakini picha ya kifua ni safi na simwambukizi mtu.

Kilichoniudhi wiki nzima ni kikombe. Mama mkwe alikifunga changu uzi mwekundu ili kisichanganyike na vya wenzangu. Nesi wa kliniki alicheka nilipomsimulia leo. Ugonjwa huu unapita kwenye hewa, akasema, si kwenye vikombe.

Jioni nikamweleza mama mkwe jikoni, kama nesi alivyonieleza. Seli za kinga ziliwameza wale wadudu, zikashindwa kuwaua, basi zikakusanyika na kuwazungushia ukuta. Wako hai, ila wamefungiwa. Vidonge nilivyopewa ni vya kuwamaliza humo humo.

Alikoroga maharage. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hao walinzi wanakesha?"

"Wanakesha, Mama."

"Wanakula nini?"

Nikamjibu wanakula ninachokula mimi. Sijui kama nesi angesema hivyo.

Akanijazia sahani mpaka nikaona aibu, na yai juu yake. "Wasije wakasinzia kwa njaa," akasema.

Naogopa kidogo, siwezi kujidanganya. Ukuta ukilegea kabla sijamaliza dawa...

Lakini hapa nilipo nacheka peke yangu. Tulipomaliza kula, Mama alichukua kikombe changu, kile kile cha uzi, akanywa funda moja, akakunja uso, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Zuhura, chai yako haina sukari."