Mama wa Kwenye Kitabu Anaongea Kama Mimi

Shangazi Mwanaasha, shikamoo.

Naitwa Asteria, mama Irine, niko Chome huku juu, na safu yako huwa naisoma kila gazeti linapotufikia, hata likiwa limeshafungiwa maandazi, sasa leo ni zamu yangu kukusumbua, maana nusu yangu inacheka na nusu inaona haya, na binti yangu anasubiri jibu ambalo mdomo wangu umekataa kulitoa.

Mimi, Shangazi, ni msikilizaji wa vitabu. Usicheke. Tangu Irine aninunulie simu na kunifundisha kupakua vitabu vya kusikiliza, sipalilii maharage bila kitabu, simu naitia kwenye mfuko wa aproni na shamba linakwisha sijui hata limekwishaje, na kwa kweli nimekuwa mkali kuliko mwalimu wa kwaya, kwa sababu nimegundua si kila mwenye sauti nzuri anajua kusoma. Mwezi huu nimesikiliza kimoja cha mjane aliyerithi mashine ya kusaga na ndugu wa mume wakataka kumnyang'anya, hadithi tamu, lakini kimesomwa na baba mmoja mwenye sauti ya kutangaza misiba, hata watu wakichumbiana yeye anasoma kama anataja saa ya kuaga mwili, nikavumilia mpaka mwisho kwa kuwa nilitaka kujua mashine imebaki kwa nani. Kikafuata cha askari wa wanyamapori, huyo msomaji ni kijana anayekimbia utafikiri mvua inamfukuza, mtu anakufa na kabla sijapata nafasi ya kusikitika ameshazikwa na tuko sura nyingine. Cha tatu ndicho kilichonifurahisha, kimesomwa na dada mwenye adabu ya kunyamaza, akifika mahali pazito anaacha kidogo, anakupa nafasi uvute pumzi, ndipo anaendelea, nilimsikiliza mara mbili, ila ana kosa moja, tajiri na mpishi na bibi kizee wote wanaongea kwa sauti ileile, ukiinama kung'oa gugu ukiinuka hujui tena anayesema ni nani.

Sasa Irine wangu kazi yake ndiyo hiyo, anasoma vitabu katika studio Dar es Salaam, na nitajisifu kidogo uniruhusu, kwa sababu huyu mtoto alipokuwa sekondari alichaguliwa kusoma risala ya mahafali, halafu mwalimu akamwondoa, akasema Irine anasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kipare na wageni watacheka. Nilivaa viatu nikashuka mpaka shuleni. Mimi nikikasirika sipandishi sauti, naishusha, wanangu wanajua ikishashuka hakuna wa kubisha, basi nikaishusha pale ofisini nikamuuliza yule mwalimu hii risala ni ya wanafunzi wa wapi kama si wa Upare. Risala ikasomwa na mwingine vilevile. Irine alikuwa amesimama nje ya dirisha, alisikia yote, na tukapanda mlima pamoja hadi nyumbani.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Irine amepewa kitabu kipya cha kusoma, kina mama mmoja wa milimani anayeshuka mjini kumtetea binti yake aliyesingiziwa wizi na kusimamishwa chuo cha ushonaji. Kabla hakijatoka akanitumia sura moja, akasema mama, hii isikilize peke yako, halafu uniambie. Peke yangu, Shangazi, na wakati huo kulikuwa na msaragambo wa kuzibua mfereji unaoleta maji kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, kila nyumba imetoa mtu na jembe lake, na siku za msaragambo mimi ndiye naweka spika yangu juu ya jiwe watu wachimbe huku wanasikiliza kitabu, ndiyo desturi yetu siku hizi na mfereji unakwisha mapema. Nilitaka kujizuia nikashindwa. Nikawaambia leo mtamsikia Irine.

Yule mama wa kwenye kitabu alipofungua kinywa, jirani yangu Priska akaliacha jembe kwenye tope. "Asteria, mbona ni wewe?" Ni mimi mtupu, Shangazi. Ninavyoyavuta maneno, kikohozi changu kabla ya kusema jambo, tabia yangu ya kujibu swali kwa swali, vyote vimo. Mama anafika stendi anabishana bei ya maji ya chupa mpaka muuzaji anamwachia, anaingia hotelini anakaa kwenye kiti chao na kufungua makande aliyobeba kwenye kindoo, mhudumu akimuuliza mama unakula nini anajibu wewe unaona nini. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikasema jamani, mama wote wa huku wanaongea hivyo, si mimi. Mara mvua ikatushukia, tukakusanya majembe, nikazima spika sura haijafika hata katikati.

Hakucheka shemeji yangu Loth, kaka mkubwa wa mume wangu na mzee wa kanisa. Alinifuata njiani akasema, "Shemeji, huyu mtoto anatuuza. Kamfanya mama yake kichekesho, kesho nchi nzima itasema Wapare ni wabahili na washamba, na ushahidi wametoa wenyewe." Ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ili Irine aagizwe kuisoma sura hiyo upya. Na unatujua sisi, jambo likishaitiwa kikao limeshakuwa kesi, na kwa kesi hatujambo.

Mume wangu Aminieli alisema maneno machache tu, "Sauti hiyo nimekaa nayo miaka yote bure, leo ndiyo nimetoa pesa ya bando kuisikia." Jioni tukamalizia ile sura jikoni. Yule mama anaingia ofisi ya mkuu wa chuo, anakaribishwa kiti hakai, na sauti ikaanza kushuka, ikashuka, Shangazi, nikaacha kukoroga ugali mpaka ukashika chini. Aminieli akatoka, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Irine ameniandikia kwamba studio wanaitaka kazi Jumatatu, na kama mimi sipendi atamsoma mama yule kwa Kiswahili cha watangazaji, wala hatakasirika. Anapiga simu, mimi namsimulia habari za maharage. Nikikubali, nagombana na ukoo. Nikikataa, sijui hata kwa nini roho inauma hivi. Nifanye nini?

Mimi Asteria, Mama Irine, Chome.

*

Marahaba, Mama Irine.

Wengi wanaoniandikia hunisihi nifiche majina yao. Wewe umeandika jina lako mara mbili, ukataja la binti yako, la mumeo, la shemeji yako na kijiji chenu, kisha unaniambia unaona haya. Haya gani hiyo? Wewe una furaha iliyokujaa mpaka shingoni na unatafuta mtu wa kukuambia kwamba si dhambi. Basi nakuambia si dhambi. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mwanao alikuambia usikilize peke yako, ukaenda kuweka spika juu ya jiwe. Ile ni kazi ya watu, haijatoka, kuna mwandishi na kuna studio, na kuna mtoto aliyekuamini. Hilo utamwomba radhi, na utamwomba bila kuingiza maharage katikati. Kikao unachokiogopa umekileta mwenyewe kwa kushindwa kuizima furaha yako mchana mmoja.

Kisha nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta kitu sikukiona. Baba wa misiba umempa hukumu yake. Kijana wa mbio pia. Dada anayejua kunyamaza umemsifu na kumkosoa, na mimi mwenyewe nimemtafuta nikamsikiliza, una haki, mpishi wake anaongea kama tajiri. Lakini kwa Irine umeniambia alichosema Priska, alichosema Loth, alichosema Aminieli, na wewe msikilizaji mkali wa Chome nzima hukusema amesoma vizuri au vibaya. Kwa nini? Kwa sababu jibu unalijua na linakutisha. Amesoma vizuri kuliko wote uliowataja. Ametengeneza mtu ambaye jirani yake anamtambua akiwa na jembe mkononi, na ambaye mwanamume mzima anamkimbia kwenda kumwangalia ng'ombe asiye na shida.

Shemeji yako usimdharau. Tumechekwa vya kutosha, mimi natoka Kisiwani huku tambarare na hata sisi tunazijua hizo hadithi za ubahili, wageni wakizianza tunatabasamu na moyoni hatupendi. Loth anaogopa kitu cha kweli. Ila amesikia makande, hajasikia ofisi ya mkuu wa chuo, na mvua ndiyo iliyomkatia hukumu. Halafu wale waliocheka mferejini ni akina nani? Si ninyi wenyewe? Hakuna aliyemcheka mama yule kwa kumdharau, walicheka kwa kuwa kila mmoja ana mama wa namna hiyo nyumbani kwake, na wengine ndio akina mama hao wenyewe.

Kwa hiyo mwombe Irine ruhusa ya kumsikilizisha baba yake mkubwa sura yote, mwanzo hadi mwisho, yeye peke yake, sebuleni kwako, na chai. Usimbembeleze na usimfafanulie. Kama bado hapendi, hiyo ni haki yake, hata wewe mashine ya kusaga ulimaliza bila kumpenda msomaji. Lakini kikaoni Jumamosi uende kama mtu aliyekuja kutoa taarifa, wala usiende kama mtu anayeomba. Ukoo una sauti kwenye shamba na kwenye mahari, nakubali. Koo lako si shamba la ukoo, na hakuna mahali imeandikwa kwamba wazee wapige kura mama Irine akohoe namna gani.

Na kwa hilo la kikohozi, ukiona amekizidisha, mwambie apunguze. Hiyo ni kazi ya msikilizaji mzuri na atakushukuru. Bei ya maji ya chupa usiiguse.

Sasa nisikilize kwenye hili, maana ndilo linalokuuma na hulijui jina lake. Binti yako alisimama nje ya dirisha akamsikia mwalimu akisema lafudhi ya nyumbani kwao itawachekesha wageni. Akakusikia wewe ukimpinga. Risala hakupewa, akaenda zake mjini akajifunza kusoma kama watangazaji, akafaulu, analipwa, hakuna anayeweza tena kumwambia ametoka wapi. Angeweza kuishi hivyo mpaka azeeke. Badala yake, siku alipopata kitabu chenye mama anayesimama ofisini kumtetea mwanawe, hakwenda kutafuta sauti kwa watangazaji. Alikuja kwako. Hiyo ndiyo risala yake, Asteria, amechelewa kuisoma lakini ameisoma, na wageni watakaomsikia ni wengi kuliko wale wa mahafali. Ukimwambia leo aiondoe, yule mwalimu atakuwa ameshinda mara ya pili, na safari hii wewe ndiye utakuwa umekaa kwenye kile kiti chake cha ofisini.

Naona hilo hukuliwaza. Ndiyo maana nagomba.

Usingoje Jumamosi. Ukishasoma hapa, kunja gazeti, hata kama lina mafuta ya maandazi, umpigie mwanao. Usimwandikie ujumbe, kwa sababu ujumbe hauna sauti na hapa kinachotakiwa ni sauti. Mwombe radhi ya msaragambo. Yeye naye anaogopa kuliko wewe, amekaa huko na simu mkononi siku zote hizi akijiuliza kama amemvunjia mama yake heshima. Mferejini ulisema si wewe. Kwa Irine sema maneno haya tu, kisha umwache alie kama anataka kulia: "Mama yule ni mimi. Usimbadilishe."

Shangazi Mwanaasha, Same.