Mplamu wa Kozue

Kamiori, Japani,
9 Machi.

Mpendwa Mama mdogo Sachie,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi hii inayokataa kuondoka. Goti lako linaendeleaje huko Brazili? Na Baba mdogo Eiji, bado anabishana na redio? Sisi tunapumua, ila moyo haujatulia.

Ni mwanangu Kozue. Lile tundu la moyoni mwake halikujiziba kama tulivyoomba. Akipanda ngazi za nyumba tu, anahema kama aliyekimbizwa. Daktari anataka kumpasua Aprili, lakini Shunpei hataki kusikia. Nikigusia tu, mume wangu huyo anatoka kwenda kufagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Jana tulikwenda bustani ya miplamu. Unakumbuka pale palivyokuwa mashamba ya mpunga yaliyoachiwa nguruwe mwitu, kabla wanakijiji hawajapashika kwa majembe yao? Siku hizi kila mtoto akizaliwa anapandiwa mti. Wa Kozue ndio wa mwisho. Tangu yeye hajazaliwa mwingine.

Bustani nzima ilikuwa nyeupe na nyekundu, Mama mdogo, harufu mpaka kwenye nguo. Mti wa mwanangu tu ndio uliokuwa na maua ya kuhesabika, yamejificha katikati ya vijiti. Tangu mtoto augue, Shunpei hajaruhusu mkasi uuguse. Nikatandika mkeka, nikajishughulisha na matonge ya wali.

Ndipo akaja Bibi Tome, yule msimamizi wa bustani mwenye mdomo.

"Wewe Shunpei! Huu ni mti au kiota cha kunguru?"

"Uache, Bibi. Usiuumize."

"Mjinga hukata mcheri, na mjinga huacha kukata mplamu. Babu yako alilijua hilo hata akiwa amelewa!"

Watu wakacheka. Shunpei hakucheka. "Mti ukifa je?"

"Mmoja nilioukata ulikufa, sikufichi. Mingine ndiyo hii uliyokuja kuitazama."

Akamtia mkasi mkononi, akaenda zake.

Kozue akainuka mkekani, akalikumbatia shina. "Kata, Baba. Mimi nimeushika."

Shunpei alisimama weee, kisha akakata tawi moja. Halafu jingine. Machozi yalimtoka, nami nikatazama pembeni.

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo akauliza, "Daktari alisema tarehe ngapi?"

Basi amekubali, na hofu yote imehamia kwangu. Ule mti mmoja wa Bibi Tome hautoki kichwani. Kozue ameyatia matawi yaliyokatwa kwenye gudulia la maji jikoni, anayachungulia kila mara. Bado hayajachanua.

Ni tarehe kumi na sita Aprili. Asubuhi hiyo, nakuomba, washa uvumba mbele ya picha ya marehemu mama. Mwambie dada yako amshike mjukuu wake, kama mtoto alivyoushika mti.

Wasalimie Baba mdogo na binamu Renato. Mungu na wazee wetu wawafunike.

Mwanao akupendaye,
Nagisa