Shangazi Ananifundisha Kujisifu

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi kwenye vizimba vya samaki. Sato wamekula vizuri, ziwa limetulia. Nimerudi nyumbani Mabatini nanuka samaki kama kawaida, nikakuta kitanda changu kimepata mwenyewe. Shangazi Minza, dada yake baba, katoka Magu kuja kutibiwa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Atakaa hapa mpaka apasuliwe.

Sijamaliza shikamoo, tayari nimeelezwa habari za ng'ombe wake. Anaitwa Pamba. Wilaya nzima hakuna ng'ombe kama yule.

Usaili ni Ijumaa ya wiki ijayo. Sijui nitajiandalia wapi.

Jumatano, 5 Machi

Naandika ili nisisahau kwa nini najitesa. Nafasi ni ya mwaka mmoja, kufanya kazi na kujifunza kwenye shamba la samaki Uholanzi. Wanachukua waliomaliza chuo ndani ya miaka miwili. Mwakani nitakuwa nimepitiliza. Mwaka jana nilifika kwenye usaili nikakosa. Waliniandikia kwa upole kwamba hawakuelewa mimi mwenyewe nilifanya nini. Sentensi hiyo bado inaniwasha.

Naitaka nafasi hii.

Shangazi kajisifu kutwa. Pamba. Maharage yake. Mkwe wake aliyeezeka nyumba kwa bati la rangi. Watoto wa ndugu wote wametajwa ila mimi, niliyempisha kitanda nikalala mkekani. Si kwamba nataka kusifiwa. Nataka kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya mazoezi ya kujibu maswali kwa Kiingereza, nikiongea na ukuta. Shangazi kaomba nimwambie kwa Kiswahili nasema nini. Nikamwambia. Tulishirikiana na wenzangu, tukaona tatizo, tukasaidiana kulitatua, tukafanikiwa.

Shangazi kauliza: "Huyo unayemwombea kazi ni nani? Mbona simsikii?"

Nimekasirika. Nikamjibu kwamba kizuri chajiuza, ndivyo tulivyolelewa.

"Kinajiuza sokoni, watu wakikiona. Hao wazungu wako wanakiona wapi?"

Nimeenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada. Shangazi kanisimulia ujana wake. Kumbe alikuwa mwimbaji kwenye ngoma za mashindano, zile za baada ya mavuno, pande mbili zinagombea watazamaji. Huingii uwanjani kimya. Unataja jina lako, unataja ulichofanya, mpaka upande wa pili uumie. Nyumbani unapiga goti kuamkia wakubwa, macho chini. Uwanjani ni mwingine kabisa, na hakuna anayeona ajabu.

Sharti ni moja. Usidanganye. Wale wa upande wa pili ni majirani zako, walikuwepo, wanajua. Unajisifu kwa kilichoonekana tu.

Kanisimamisha uani. Mama anachambua mchicha huku mabega yanamtikisika kwa kucheka. Nikasema mimi ni Kabula. Sauti ya mbu. Shangazi kaniambia hata Pamba ana sauti kuliko hiyo.

Nilichofanya ninacho. Vuli ya mwaka juzi, asubuhi moja, maji yalibadilika rangi na sato wakawa juu wanatwetea. Maji yalikuwa yamekosa hewa. Nilikataza chakula kisimwagwe, nikashikilia vizimba vivutwe mpaka penye mkondo. Wenzangu walinicheka. Jioni mwenye vizimba vya jirani alikuwa anazoa mizoga kwa ndoo. Wetu walikufa wachache.

Kwenye usaili wa mwaka jana nilisema "tuliona". Naona aibu nikikumbuka. Lakini kusema "niliona mimi" napo naona ni kama kumwibia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemuuliza Masalu, bosi wangu wa vizimbani. Kama ataudhika nikisema siku ile ya sato ilikuwa uamuzi wangu. Wazo lilinikosesha raha tangu juzi. Yeye ndiye mkubwa pale, mimi wakati ule nilikuwa nimeajiriwa juzijuzi.

Kaniangalia kana kwamba nimemuuliza pua yangu ni ya nani.

"Kwani alikuwa nani? Mimi si ndiye niliyekuwa nakuzuia?"

Kacheka, karudi kwenye nyavu zake. Wazungu wakimpigia kuuliza habari zangu atawaambia hivyohivyo. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Uani leo nimefika mbali. Mama kaacha kucheka, kasikiliza.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme upo, bando lipo, blauzi ya mama nimeivaa. Shangazi nimemkalisha nje na mama, nimewaomba kimya.

Usaili ni kwa video, watu watatu kwenye kioo cha simu. Mwanzoni niliikalia mikono yangu. Walipouliza nieleze tatizo nililowahi kulitatua, nikaona kama nipo uani kwetu. Nikasema. Niliona. Nilikataza. Nilishikilia. Walinicheka, sikuacha. Nikataja waliovuta kamba pia, maana walivuta. Sikuongeza chumvi hata punje.

Nilipomaliza tu, vigelegele dirishani. Virefu. Shangazi hajui neno moja la Kiingereza.

Nyuso tatu zimeganda. Nikadhani mtandao umekatika, kumbe ni wao. Mmoja kauliza ni sauti gani. Nikawaambia ni shangazi yangu, kwamba kwetu mtu akitaja alichofanya, upande wake humwitikia. Mwanamke mwenye miwani kaandika kitu. Mwingine karukia swali linalofuata haraka. Basi.

Nimetoka nje nimegomba. Nimempandishia sauti shangazi yangu, mgonjwa, mgeni, mbele ya mama. Kasema taratibu kwamba sauti yangu ndiyo iliyomwambia nimefika pale pa kuitikiwa.

Nimeharibu mambo mawili kwa siku moja.

Jumatano, 19 Machi

Jana shangazi kapasuliwa jicho la kulia. Leo bandeji imetoka. Nilikuwa nimemshika mkono wakati daktari anaifungua.

Kaniangalia muda mrefu.

"Kumbe umekonda. Na pua ya mama yetu unayo."

Nikamwomba msamaha palepale, nimepiga goti kwenye sakafu ya hospitali, watu wanatazama. Kasema niinuke, nitachafua sketi. Njia nzima ya kurudi kasoma kila bango kwa sauti.

Alhamisi, 3 Aprili

Kimya kutoka Uholanzi. Shangazi karudi Magu tangu Jumamosi, jicho la pili watalifanya baadaye. Kitanda ni changu tena na sikipendi. Simu ikilia nashtuka. Ni mtandao wa simu unaniuzia bando. Nimemjibu mama vibaya kuhusu chumvi.

Siku za kujiandaa na usaili nilikuwa na furaha, sasa ndiyo naijua. Furaha ya kuandaliwa. Nikikosa, hiyo nimeshaipata.

Nisijidanganye. Nikikosa nitalia.

Jumanne, 8 Aprili

NIMEPATA.

Nilikuwa mtumbwini nalisha. Nusura nimwage mfuko mzima kwa sato. Masalu kadhani nimeng'atwa na kitu.

Barua pepe yao ni fupi. Chini kuna mstari mmoja wa ziada: tafadhali msalimie shangazi.

Baba kasema "Sawa", kavaa viatu, kaondoka. Karudi na kreti ya soda kwa majirani wote wa uani. Mama kaimba mpaka sauti ikakauka.

Nikampigia shangazi. Nikaweka simu mbali na sikio, nikisubiri vigelegele. Hakuna. Nasikia anapumua tu. Nikampa na salamu zake.

Mwishowe kasema, "Vaa sweta." Simu ikakatika.

Imeniuma kidogo. Nilivitaka vile vigelegele.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua asubuhi. Binamu yangu Kulwa kapita kutoka Magu, katuletea maharage ya shangazi. Kweli ni mazuri. Yameiva upesi.

Anasema sokoni kwao sasa watu wanamkwepa shangazi. Akikushika hakuachii. Zamani alianza na Pamba. Siku hizi anaanza na mimi. Maji yaliyobadilika rangi, sato waliokuwa wanatwetea, vizimba, kamba, na waliocheka. Nilimuuliza Kulwa kila kitu, nikitafuta uongo ndani ya masimulizi ya shangazi. Sikuupata hata mmoja.

Pamba anafuata baada yangu.

Kesho zamu ya asubuhi.